Kaushio Lako Halikugeuka Ng'ombe

Rhobi mwanangu,

Umeenda kwa baba mkubwa wako kuaga, na mtu akienda kuaga kule haachiliwi mpaka ale, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Nimekaa hapa mgahawani, meza ya karibu na jiko. Wateja wa mchana wameshaondoka, wa jioni bado wako mashimoni wanachimba dhahabu. Ukikuta doa la mafuta kwenye karatasi, ujue hapo kuna mtu aliagiza chapati nikanyanyuka.

Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo, nyumba yetu ni moja. Lakini wewe nakujua. Ukianza kuambiwa jambo refu unasema "Sawa mama" kabla sijafika katikati, na ukishasema sawa mama, mimi nasahau nilikuwa naelekea wapi. Karatasi haina huo mchezo.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kuchemsha maji, na kutowaazima watu kanga zako. Shangazi zako walizimaliza hizo Jumapili, kila mmoja akirudia ya mwenzake, na wewe ukaitikia zote kwa adabu huku ukikata ndizi. Mimi nataka tuongee habari ya hizo ndizi, na ya ng'ombe, na ya hicho chuo unachokwenda. Nina furaha leo mpaka najionea aibu. Asubuhi nimetia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Mteja wa kwanza akanywa nusu kikombe, akanitazama, akasema, "Mama Rhobi, leo chai yako ina msimamo." Akamaliza yote. Nadhani aliogopa kuniharibia siku.

Nina haki ya kufurahi, maana mwezi uliopita safari yenyewe haikuwepo. Tulikuwa nyuma ya nyumba, wewe unageuza vipande vya ndizi juani kwenye kaushio, mimi nafukuza kuku. Ukasema bila kuinua kichwa:

"Mama, mimi siendi chuo."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nikienda, hizi zinakufa."

Mimi, kwa akili yangu ya haraka, nikajibu kwamba ndizi zilishakufa siku zilipokatwa shambani, sisi tunazikausha tu. Hukucheka. Wewe ambaye hucheka hata mbuzi akipiga chafya, hukucheka, na hapo nikajua umeshaamua.

Nikuambie jinsi mimi nilivyoiona biashara yako, nikiwa upande wa jiko. Ulimaliza kidato cha sita, ukawa unasubiri matokeo, na kusubiri kulikuwa kunakuharibu. Siku ya mnada ukawaona akina mama wanaoshuka na ndizi kutoka milimani Tarime. Ikifika jioni, zile zilizoiva sana wanawamwagia mbuzi, maana hakuna anayezipandisha tena milimani. Ukaja nazo nyumbani kwenye ndoo. Nikakuuliza ni za nini, ukasema hujui bado. Hilo jibu lilinipendeza, sikukuambia tu. Watu wengi wanaokuja kutuelimisha hapa Kerende wanajua kila kitu kabla hawajashuka kwenye gari.

Baba yako akakutengenezea kaushio, lile sanduku refu la mbao lenye nailoni juu na chandarua kikuukuu chini. Alilipigilia misumari kama anajenga kanisa. Ndizi za kwanza zikaota ukungu, mbuzi wakapata haki yao kwa kuchelewa. Za pili zikawa ngumu kama soli. Za tatu ukazipitisha kwenye maji ya ndimu, ukazikata nyembamba, na mchimbaji mmoja akala pakiti nzima hapo mlangoni akidhani ni za kuonja. Kesho yake akarudi na wenzake. Walizipenda kwa sababu unaweza kushuka nazo shimoni mfukoni na zisiharibike. Hata binamu yako wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari alipokuja msibani alikula mpaka akasahau msiba. "Aki hizi ndizi ni tamu! Mbona hamjatuletea huku kwetu?" Watu wa ng'ambo wakipenda kitu wanakulaumu.

Kisha mama yako mdogo Gati akachukua pakiti chache akaenda nazo kwake Kisaka, na siku ya kupeleka mboga zake kwenye ile hoteli ya watalii karibu na geti la hifadhi pale Ikoma akaziweka juu ya sukuma wiki, kama bahati mbaya. Gati hafanyi kitu chochote kwa bahati mbaya. Mpishi akaonja. Akasema atazichukua kila wiki, ila pakiti iwe na lebo na ndizi ziandaliwe kwenye jiko lililokaguliwa. Na wiki hiyo hiyo, mwanangu, majina ya waliochaguliwa chuo yakatoka, na lako limo.

Mimi nilipiga vigelegele. Wewe ukakaa chini. Sasa nakuelewa. Chuo kilikuwa kinakuita ukasomee biashara ya mazao, na ili uende kuisomea ilikuwa lazima uifunge ile uliyonayo. Ni kama mtu akuambie, mama Rhobi, zima jiko uje tukufundishe kupika.

Ngoja, kuna mtu anataka maharage.

Nimerudi. Yalikuwa maharage na wali, na malalamiko kidogo.

Sasa Mwalimu Atupele, wa hicho hicho chuo chako. Ni mhadhiri, najua, lakini mimi namwita mwalimu na yeye haringi. Alipokuja mwaka jana na wanafunzi wake, nilimpokea kama ninavyopokea wageni wote wa aina hiyo. Unajua mimi nimehudhuria semina za wanawake na ujasiriamali mpaka nina kofia na fulana za rangi zote. Semina zote zinatuambia tujiamini. Mimi sijawahi kupungukiwa kujiamini, muulize baba yako. Nilichopungukiwa ni sufuria la pili. Na wote wanauliza, "Changamoto zenu ni zipi?" Tumeshazoea. Gari likisimama tu, tunajipanga na changamoto zetu, mmoja mtaji, mwingine soko, mwingine mume, tunazitoa, tunapewa soda, gari linaondoka.

Kwa hiyo alipokaa kwenye ile benchi na kuagiza uji, nilikuwa na changamoto zangu tayari mdomoni. Akaniuliza, "Mama, jana uliamua kubadilisha nini hapa?"

Nikafikiri. Nikamwambia jana niliamua kuhamisha ndoo ya maji ya kunawa kutoka ndani kwenda mlangoni, maana anayenawa mlangoni ameshaingia, hawezi kuondoka tena hata akiona bei. Akacheka mpaka akamwaga uji. Kisha akasema, "Hilo ndilo nataka wanafunzi wangu walione. Nikuachie wawili?"

Akaniachia wawili, kijana na binti, kwa wiki nzima. Yule kijana aliuza vizuri kwa sababu hakujua bei, akawa anataja kubwa. Lakini yule binti, unamkumbuka, mrefu, mtoto wa watu wa Dodoma, alikuwa akitaja bei kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. Wachimbaji wakamnusa. Siku ya pili walikuwa wamemshusha mpaka tukakaribia kuwalipa wao kwa kula. Mwalimu Atupele amekaa pale pale, anatazama, hasemi kitu. Nikamvuta pembeni.

"Mwalimu, mbona humsaidii mwanao?"

"Mama, akikosea hapa, anakosea wewe ukiwa karibu. Akikosea akiwa ameshamaliza chuo atakuwa peke yake, na kwao watamwambia si tulikuambia?"

Siku ya nne yule binti alimwambia mtu mzima mwenye ndevu, "Baba, bei ni hiyo, na ugali unapoa." Mtu mzima akakaa. Nilitaka kumkumbatia, lakini mikono ilikuwa na unga.

Jioni moja Mwalimu alinieleza jinsi walivyokuwa wakifanya zamani pale chuoni kwao. Walikuwa na mashindano kila mwaka. Wanafunzi wanaandika mpango wa biashara, majaji wanasoma, mshindi anapewa hundi kubwa ya karatasi, upana kama mlango. Akasema wasichana walikuwa wanashinda sana, wanaandika vizuri, wanapigwa picha na ile hundi. Ukiwatafuta baada ya muda, wako kwenye foleni ya ajira kama wengine wote, na ile biashara iko kabatini.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Tulikuwa tunawafundisha kuiandika biashara. Mahali pa kuifanyia hatukuwapa."

Nilimpenda kwa neno moja tu hapo, "tulikuwa". Ni mara chache msomi kuniambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa anakosea, tena bila kulazimishwa.

Ndiyo maana uliposema huendi, na mimi nimeshabembeleza nimechoka, nilikuambia mpigie simu Mwalimu, umwage hayo yote kwake. Ukampigia ukiwa umejikunja nyuma ya choo ili tusisikie. Tulisikia yote, maana simu yako inavuja sauti, na baba yako na mimi tulikuwa upande wa pili tunajifanya tunatafuta yai.

Kwanza akakuuliza, "Kwenye hiyo biashara unaamua nini mwenyewe?" akasubiri ujibu, kisha akakuambia njoo nayo. Akakuambia sasa wana jiko chuoni lililokaguliwa, mwanafunzi anapangiwa siku zake, anaandaa vyakula vyake na kubandika lebo yake. Wana kibanda kinachotazama barabarani, wateja ni watu wa kweli, si majaji. Yale mafunzo kwa vitendo ambayo wenzako wanakwenda kukaa kwenye ofisi za watu wakichemsha chai, wewe unaruhusiwa kuyafanya kwenye biashara yako mwenyewe, urudi hapa Kerende, na yeye aje kukukagua hapa hapa. Kila msichana anaambatana na mwanamke mfanyabiashara wa pale mjini mwaka mzima, anakwenda naye hata kugombana na wauza mifuko. Na ikifa, akasema, ikifa unaandika imekufaje na unapata maksi zako, halafu unaanza nyingine. Hapo baba yako alinigusa kwa kiwiko. Yeye tangu azaliwe hajawahi kusikia maksi za kufeli.

Ila kulikuwa na sharti. Nafasi hizo ni chache, na wanazitoa kwa wenye biashara inayofanya kazi, iwe ya msichana mwenyewe, na nyumbani kuwe na mtu wa kuiendesha akiwa darasani. "Njoo kaushio likiwa bado linafanya kazi," alikuambia, "nitauliza." Ukatoka nyuma ya choo unaruka. Nikajifanya nimeona yai.

Kumbe tulikuwa hatujamaliza. Tulikuwa na baba mkubwa.

Kabla sijafika kwake, nikuambie habari ya ng'ombe wangu. Unaijua kwa juu juu. Nilipoolewa hapa nilikuwa napika maandazi, na maandazi yalikwenda. Kila nilipopata cha ziada, sikujua njia nyingine ya kukiweka ila ile anayoijua Mkurya yeyote: nikanunua mtamba. Mtamba hukai naye jikoni. Akaenda kwenye zizi la baba mkubwa wako, kwa sababu ndiye mkubwa na zizi ni lake. Nikaongeza mwingine. Wakazaa. Nilikuwa nikipita pale nawatazama kwa mbali, nawaita wangu kwa moyo, na kila mtu aliniambia hongera, unaendelea.

Kisha mtoto wa baba mkubwa akapata mchumba, ukafika wakati wa mahari. Zizi ni zizi, Rhobi. Ng'ombe hawaandikwi majina. Wakatoka wa baba mkubwa, na wangu wakatoka nao. Asubuhi hiyo nilipika chai na maandazi kwa watu waliokuja kuwachukua, na mmoja akasema hawa wawili weusi ni wazuri kweli, nikasema, eee, wamelishwa vizuri. Nilisema hivyo! Sikulia wala sikukasirika. Walikuwa wamekwenda kuleta mke, ni heshima ya ukoo mzima, na yule mke ndiye huyo mliyekua mkimpenda na hata mimi nampenda. Nililia miezi kadhaa baadaye, sufuria langu kubwa lilipotoboka. Nikasimama nalo, natazama mwanga kupitia lile tundu, na hapo ndipo nilipojua kwamba mtaji wangu unaishi kwa watu wengine na una watoto. Sikupika maandazi mpaka mvua zilizofuata.

Hakuna aliyeniibia. Ndiyo sababu sikujifunza mapema. Mtu akikuibia unajifunza siku hiyo hiyo.

Sasa Jumapili iliyopita. Watu wamekaa, shangazi zako wamemaliza mawaidha yao, baba mkubwa akakohoa. Unajua kile kikohozi chake, hata mbwa hutulia. Akasema, "Mura," akimwita baba yako, "mimi nimefikiri. Huyu binti anakwenda kusoma. Lile sanduku litabaki linanyeshewa. Yule mtu wa Nyamongo anayelitaka auziwe, akiba ya binti ya ndizi iongezwe hapo, binti apatiwe mitamba. Yeye anasoma, ng'ombe wanazaa. Akirudi anakuta mali. Ng'ombe hafungi duka."

Lilikuwa jambo la busara, na alilisema kwa upendo. Shangazi zako wakasema eee. Baba yako akatazama miguu yake. Na nani alikuwa wa kwanza kuitikia kwa sauti? Mimi. Nilisema, "Baba mkubwa ameona mbali." Mimi, niliyewapikia chai wale watu! Mpaka leo sielewi. Yale maneno yalikuwa yamekaa mdomoni kwangu tangu utoto, yanasubiri tu mtu akohoe. Si nilisema sijawahi kupungukiwa kujiamini? Nilijiamini kabisa, nikajiamini kuelekea zizini.

Ukaweka kisu chini. Ukapiga goti kidogo, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo tena, baba mkubwa."

"Marahaba. Mbona salamu za mara ya pili?"

"Nina swali, baba mkubwa, nisionekane mkorofi. Hao mitamba watakuwa wangu?"

"Wa nani tena? Wako."

"Basi nikiwa chuoni nikahitaji mtaji siku ya Jumatano, nitampigia simu mama, mama aje zizini amfungue mmoja, ampeleke mnadani?"

Shangazi yako mkubwa akashika mdomo. Baba mkubwa akacheka, na alicheka kwa kweli, siyo kwa hasira. "Wewe mtoto! Mwanamke anakuja kufungua ng'ombe zizini kwangu?"

"Ndiyo nauliza, baba mkubwa."

"Haiwezekani. Hilo lazima tukae, tuzungumze."

"Basi hawatakuwa wangu, baba mkubwa. Watakuwa wa kikao. Kaushio nalifungua mwenyewe."

Nilijua kikao kikisema liuzwe, litauzwa, na ile nafasi ya Mwalimu Atupele atapewa msichana mwingine, na wewe utakwenda chuo kuandika mipango ya biashara vizuri sana. Au hutakwenda kabisa. Baba mkubwa akamgeukia baba yako. "Mura, umesikia mtoto wako?"

Baba yako, ambaye kwenye vikao huongea kama mtu anayelipia maneno, akasema, "Nimesikia. Lile sanduku nililipigilia mimi, kaka. Lina misumari mingi. Kulibeba tu ni kazi."

Basi. Hiyo ndiyo hotuba yake yote. Baba mkubwa akasema, "Haya, kausha ndizi zako. Lakini zikioza usije kulia kwangu." Nawe ukajibu, "Zikioza, baba mkubwa, nitapewa maksi," na hakuna aliyeelewa isipokuwa sisi watu wa kutafuta mayai. Baba yako alilazimika kutoka nje.

Jumanne asubuhi tulikuta mikungu ya ndizi mlangoni, kutoka shamba lake, imefunikwa na majani. Hakutuma neno. Ukimuona tena kabla ya safari, kama hujamshukuru, na wewe usimshukuru kwa maneno. Kula anachokupa, ukiongezwa ongezeka.

Nimeifikiria sana hiyo Jumapili, Rhobi. Maandazi yangu yalikuwa mazuri kuliko ndizi zako, tusidanganyane, na nilikuwa na umri wako, na mdomo unaufahamu. Tofauti ni kwamba wewe kuna mtu alikuwa ameshakuuliza, "Unaamua nini mwenyewe?" na akakusubiri ujibu. Wale wa semina walitufundisha jinsi ya kupata faida. Ilitoka faida, ikaja nyumbani, ikakuta nyumbani pana utaratibu wake. Kama kuna jambo moja ningewaambia wakubwa wa vyuo wanaotaka wasichana wawe wafanyabiashara, ningewaambia wafike nyumbani. Waje wakae kwenye benchi, wanywe uji, wamsikilize baba mkubwa akikohoa. Hapo ndipo biashara ya msichana inapoamuliwa, na hapo hapaonekani kutoka darasani. Mwalimu Atupele alifika. Ndiyo maana lile swali lilikuwa tayari limekaa kichwani kwako, kikohozi kilipokuja.

Kule utakutana na wasichana wa kila mkoa. Kuna atakayekucheka kwa sababu umekuja chuo na ndizi. Mpe pakiti. Kuna atakayekuwa na akili kukushinda, na utamwona anaogopa kutaja bei. Huyo muulize kwao faida inakwenda wapi. Kwao si lazima iwe ng'ombe. Inaweza kuwa nyumba ya kaka, inaweza kuwa ada ya wadogo zake, inaweza kuwa simu ya mchumba. Muulize kwa utani, asije akadhani unamhukumu. Mimi angeniuliza mtu kwa utani nikiwa na maandazi yangu, huenda ningecheka kwanza, kisha nikakaa chini.

Na chuo chenyewe usikionee aibu. Hilo jiko likifungwa siku yako, gonga. Kama ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda likizo, mwambie Mwalimu, na kama Mwalimu ana mambo mengi, mwambie tena. Wamesema ni lenu. Mambo mazuri ya watu wengi huharibika kwa kufuli, hilo nimeliona hata kwenye choo cha mnada. Ukishindwa mtihani sema umeshindwa, ndizi zikigoma sema zimegoma. Wakitaka kukupiga picha, pigwa, wewe ni mzuri, lakini usiache kazi ukisubiri mpiga picha.

Mteja mwingine. Huyu anataka soda tu, ajihudumie.

Sasa nikuambie jambo nililolificha tangu juzi, na ndilo lililonifanya nitie chumvi kwenye chai. Unajua ulipoambiwa nafasi umeipata tulikubaliana mimi nitaendesha kaushio, na Gati atapeleka Ikoma. Wewe ulipanga kunifundisha kila kitu kwa simu, na nikasema sawa mwanangu, kama wewe unavyoniambia sawa mama. Juzi Mwalimu Atupele alinipigia. Akasema wasichana wengi biashara zao zinaendeshwa na mama zao, na biashara nyingi zimekufa kwa simu za namna hiyo, binti anakasirika huku, mama ananuna kule. Kwa hiyo safari hii, likizo fupi ya kwanza, wanafunzi wengine wakishaondoka hosteli, wanawaita akina mama wa hao wasichana. Tutalala kwenye vitanda vyenu, tutaingia kwenye lile jiko, tutajifunza lebo na ukaguzi, tukae meza moja, mama na binti, kama wabia. Akaniuliza, "Mama, utahitaji muda wa kufikiria?"

Nikamwambia nitahitaji. Kisha nikaona uongo huo utanichelewesha, nikasema nakuja.

Nilimwambia baba yako wakati anakula. Akatafuna kwanza. "Na mgahawa?"

"Gati atakuja kukaa hapa."

"Na mimi nani atanipikia?"

"Wewe."

Akasukuma sahani, nikajiandaa kwa vita. Halafu akauliza, maharage yanachemka kwa muda gani mpaka yaive. Rhobi, nimeishi na huyu mtu miaka yote hii na sikujua ana swali hilo ndani yake.

Mimi niliishia darasa la saba, na siku ya mwisho nilitoka getini nikijua sirudi. Kwa hiyo siku nitakapoingia kwenye hilo geti lenu, usije mbio kunipokea begi kama vile umepata mgeni. Usinitambulishe kwa wenzako kwa sauti ya huruma kwamba huyu ni mama. Nionyeshe tu darasa liko wapi, unichagulie kiti cha mbele, na wewe ukakae mbali kidogo, nisije nikaanza kuchungulia majibu yako.

Mbia wako,
Mama